Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwao ni wapi? Rinkeby na urithi wa wanamichezo wahamiaji

Tarehe 1 Septemba 2025, siku ya mwisho ya dirisha la usajili nchini Uingereza, klabu ya Liverpool ilimchukua mshambuliaji Alexander Isak kutoka Newcastle United kwa kitita kilichoripotiwa kufikia paundi milioni 125. Hadi siku hiyo hakuna klabu ya Uingereza iliyokuwa imelipa fedha nyingi kiasi hicho kwa ajili ya mchezaji mmoja. Wiki 6 baadaye, tarehe 13 Oktoba, Sweden yenye Isak huyo huyo ilifungwa nyumbani mjini Gothenburg bao 1-0 na Kosovo, na siku iliyofuata kocha Jon Dahl Tomasson akafutwa kazi. Timu yenye mmoja wa washambuliaji ghali zaidi duniani ilimaliza mechi zake 6 za kundi la kufuzu Kombe la Dunia bila kushinda hata moja.

Kwa msomaji aliyeko Dar es Salaam au Mombasa, hizo ni habari za michezo. Kwa mkazi wa Rinkeby, kitongoji kilichoko kaskazini-magharibi mwa Stockholm, zina uzito wa aina nyingine. Isak si mtoto wa Rinkeby. Alizaliwa Solna mwaka 1999 na kukulia mtaa wa Bagartorp, kilomita chache tu kutoka hapo, na wazazi wake walitoka Eritrea. Hata hivyo, watoto wa Rinkeby wanajiona ndani yake kuliko wanavyojiona ndani ya mwanasiasa yeyote wa Sweden. Akipanda, wanapanda naye. Akitupiwa maneno, maneno hayo yanawafikia na wao.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika makala haya tungependa kuuliza swali ambalo methali hiyo haikulazimika kuliuliza zamani: mwanamichezo aliyezaliwa Mogadishu, akakulia Sweden, akavaa jezi ya Sweden, kwao ni wapi? Na akishatunzwa, ni nani mwingine anayepaswa kupata sehemu ya tuzo hiyo?

Kwanza tuitazame Rinkeby yenyewe. Kitongoji hiki kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati serikali ya Sweden ilipokuwa ikitekeleza mpango wa kujenga nyumba milioni moja kati ya mwaka 1965 na 1974. Treni ya chini ya ardhi ilifika hapo mwaka 1975. Walioingia mwanzo katika magorofa yale walikuwa wafanyakazi wa Kiswidi pamoja na wahamiaji wa kazi kutoka Finland, Ugiriki, Uturuki na iliyokuwa Yugoslavia. Baadaye wakaja wakimbizi wa vita: kutoka Iraq, Eritrea, na hasa Somalia baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991. Leo Rinkeby ina zaidi ya watu 15,000, na takriban 9 kati ya kila 10 ama walizaliwa nje ya Sweden au wazazi wao walizaliwa nje. Kiswahili nacho si kigeni katika mazingira kama hayo, kwani wako Wasomali waliopitia Nairobi na kambi za Dadaab kabla ya kufika Ulaya, na wako Wabarawa na Wabajuni ambao lugha za nyumbani kwao ni ndugu wa Kiswahili chetu.

Jina la Rinkeby limekuwa kubwa kuliko eneo lenyewe. Tangu miaka ya 1980 Waswidi wamelitumia kuita lugha ya vijana wa vitongoji, lugha inayochanganya Kiswidi na maneno ya Kituruki, Kiarabu na nyinginezo, kama Sheng ilivyozaliwa katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Mwaka 2015 polisi ya Sweden ilipotoa orodha ya maeneo yaliyo katika hali mbaya zaidi ya uhalifu, Rinkeby ilikuwamo. Na tarehe 20 Februari 2017, siku mbili baada ya Rais Donald Trump wa Marekani kuitaja Sweden katika hotuba yake kuhusu wahamiaji, ghasia zilizuka Rinkeby na magari yakachomwa moto. Picha zake zilizunguka dunia nzima kwa siku moja.

Kwa hiyo kijana anayekulia hapo anajua mapema kwamba anwani yake inamtangulia. Ndiyo maana michezo imekuwa na nafasi ya pekee. Uwanjani, angalau kwa dakika 90, anayetazamwa ni mguu wake na wala si anwani yake.

Tumesema angalau kwa dakika 90 kwa sababu baada ya kipenga cha mwisho mambo hubadilika. Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa Jimmy Durmaz. Tarehe 23 Juni 2018, katika Kombe la Dunia mjini Sochi, Sweden ilikuwa ikienda sare na Ujerumani hadi dakika za nyongeza. Durmaz, mzaliwa wa Örebro mwenye wazazi wa asili ya Kiashuru, alimchezea rafu Timo Werner karibu na eneo la hatari. Toni Kroos akaupiga mpira ule wa adhabu, ukaingia wavuni, na Sweden ikalala mabao 2-1. Ilikuwa rafu ya kawaida, ya aina inayoonekana katika kila mechi. Lakini usiku ule mitandao ilijaa matusi ya ubaguzi na vitisho dhidi yake na dhidi ya watoto wake. Kesho yake, mazoezini huko Gelendzhik, Durmaz alisimama mbele ya kamera huku wachezaji wote na makocha wakiwa nyuma yake, akasema kwamba kukosolewa ni sehemu ya kazi yake, ila yeye ni Mswidi na hakubali kutukanwa kwa asili yake. Timu ile iliendelea hadi robo fainali.

Jambo hilo halikuwa la Sweden peke yake. Mwezi mmoja tu baadaye Mesut Özil aliiacha timu ya taifa ya Ujerumani akilalamika kwamba huhesabiwa Mjerumani pale timu inaposhinda, na mhamiaji pale inaposhindwa. Hapa ndipo tunapoiona kasoro ya methali yetu inapovuka bahari: mcheza kwao hutunzwa, lakini wako ambao 'kwao' hupimwa upya kila baada ya mechi.

Baadhi ya wanamichezo wa vitongoji vya Stockholm wamelijibu swali la 'kwao' kwa njia tofauti. Henok Goitom, mshambuliaji mwenye asili ya Eritrea, alikulia Husby, ng'ambo ya pili ya uwanda wa Järva unaoitenganisha na Rinkeby. Hiyo ndiyo Husby iliyowaka moto kwa wiki nzima mwezi Mei 2013, baada ya polisi kumpiga risasi na kumuua mzee wa miaka 69. Goitom alicheza Italia na kwa miaka mingi Uhispania, akiwa na klabu kama Real Valladolid na Almería, kisha akarudi nyumbani kuichezea AIK na kutwaa nayo ubingwa wa Sweden mwaka 2018. Aliwahi kuichezea Sweden katika timu ya vijana, lakini mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 31, alivaa jezi ya Eritrea, nchi ya wazazi wake.

Martin Mutumba naye alizaliwa Stockholm mwaka 1985, wazazi wake wakiwa Waganda. Mashabiki wa AIK walimpachika jina la 'Mbrazil wa kitongojini' kutokana na chenga zake. Alikuwamo katika kikosi cha AIK kilichotwaa ubingwa wa ligi na Kombe la Sweden mwaka 2009, akaenda Videoton ya Hungary, na kwa upande wa timu ya taifa akaichagua Uganda, yaani Cranes. Je, tuseme Goitom na Mutumba waliikana Sweden? Hatuoni hivyo. Walirudi kucheza, kuishi na kushangiliwa huko huko Stockholm. Walichokifanya ni kukataa kulazimishwa kuwa na kwao kumoja.

Tena tukitaka kuona jinsi swali hilo linavyowaelemea wengine na kuwaacha wengine, tumtazame John Guidetti. Mshambuliaji huyu alizaliwa Stockholm mwaka 1992, na sehemu ya utoto wake aliishi Kenya pamoja na familia yake, akisakata kandanda na watoto wa Nairobi. Baadaye alikwenda Manchester City, akafunga mabao 20 ya ligi akiwa kwa mkopo Feyenoord katika msimu wa 2011/12, akatwaa ubingwa wa Ulaya wa vijana chini ya miaka 21 akiwa na Sweden mwaka 2015, na akaanzisha mfuko wa hisani kwa ajili ya watoto wa Kenya. Guidetti ana kwao kuwili na anajivunia hilo, na watu wanaliona kuwa jambo la kupendeza. Tunampongeza kwa dhati. Tunauliza tu kwa nini mapenzi ya namna hiyo hiyo, yakiwa ndani ya kifua cha kijana mwenye jina la Kisomali, huitwa tatizo la utangamano.

Tuhame sasa kutoka kwenye kandanda, twende kwenye riadha, mchezo ambao sisi wa Afrika Mashariki tunaujua kwa undani. Tarehe 28 Julai 2007, mjini Heusden nchini Ubelgiji, Mustafa Mohamed alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa muda wa dakika 8 sekunde 5.75. Kwa muda huo aliivunja rekodi ya Sweden ya Anders Gärderud ya dakika 8 sekunde 8.02, ambayo ilikuwa imedumu tangu Gärderud alipotwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Montreal mwaka 1976. Gärderud ni miongoni mwa majina makubwa kabisa katika michezo ya Sweden. Aliyemvua rekodi yake baada ya miaka 31 alizaliwa Mogadishu mwaka 1979 na kuletwa Sweden akiwa mtoto. Mwezi uliofuata, katika mashindano ya dunia mjini Osaka, alimaliza wa 4.

Huko Hässelby, si mbali sana na Rinkeby, klabu ya riadha ya eneo hilo ilikuwa na Isabellah Andersson, mzaliwa wa Kenya aliyeolewa Sweden na kuchukua uraia. Mwezi Januari 2011 alikimbia marathon ya Dubai kwa saa 2 dakika 23 na sekunde 41, rekodi ya Sweden wakati huo, na mwaka huo huo akamaliza wa 7 katika mashindano ya dunia mjini Daegu. Mbio za Stockholm alizishinda mara kadhaa, zikipita katikati ya mji mkuu huku Waswidi wakimwita kwa jina barabarani.

Watu hawa wawili hawakulipwa mamilioni ya Isak. Hakuna klabu iliyowanunua wala kuwauza. Urithi wao ni nambari zilizoandikwa kwenye vitabu vya rekodi, pamoja na jambo moja ambalo halina nambari: mtoto wa kigeni sasa anaweza kuambiwa kwamba jina lililokaa juu ya jina la Gärderud ni Mustafa Mohamed.

Hata hivyo, si kila aliyekuwa na miguu alipata njia. Tunaomba msomaji atukubalie turudi nyuma hadi Agosti 2012, kwa sababu mwezi ule Wasomali wote waliotawanyika duniani, wakiwemo wa Rinkeby, walipata furaha na msiba kwa pamoja. Mjini London, Mo Farah alishinda mita 10,000 tarehe 4 na mita 5,000 tarehe 11, na uwanja mzima ukasimama kumshangilia Mwingereza huyu mzaliwa wa pembe ya Afrika. Katika mwezi huo huo Abdi Bile, bingwa wa dunia wa mita 1,500 wa mwaka 1987 na mwanariadha mashuhuri kuliko wote wa Somalia, aliwauliza Wasomali wenzake kama wanajua yaliyompata Samia Yusuf Omar.

Samia alikuwa msichana wa Mogadishu. Mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 17, aliiwakilisha Somalia katika mbio za mita 200 za Olimpiki ya Beijing. Alimaliza wa mwisho katika kundi lake kwa sekunde 32.16, wenzake wakiwa wamekwisha kufika kitambo, na watu uwanjani wakamshangilia hadi mwisho wa mstari. Aliporudi nyumbani, vita na makundi yaliyopinga wanawake kushiriki michezo vilimfungia njia. Akaenda Ethiopia kutafuta kocha, kisha akapita Sudan hadi Libya, akapanda mashua kuelekea Italia. Alikufa maji katika bahari ya Mediterania mwaka 2012, miezi michache tu kabla ya Michezo ya London aliyokuwa akiitamani.

Kati ya Farah na Samia, tofauti ilikuwa nini? Ni rahisi kusema kipaji, na ni kweli Farah alikuwa na kipaji cha nadra. Lakini mwezi Julai 2022 Farah mwenyewe aliieleza dunia kwamba aliingizwa Uingereza akiwa mtoto wa miaka 9 kwa jina la mtoto mwingine, na kutumikishwa kazi za nyumbani, na kwamba jina lake la kuzaliwa ni Hussein Abdi Kahin. Aliyemwokoa ni mwalimu wake wa michezo, Alan Watkinson, ambaye aliona mtoto hana raha, akamsikiliza, akawaarifu maafisa wa ustawi wa jamii na baadaye akamsaidia kupata uraia. Kwa maneno mengine, kabla ya medali 4 za dhahabu za Olimpiki alikuwako mtu mmoja aliyefungua mlango. Samia aligonga milango katika nchi nne na bahari moja.

Ikumbukwe kwamba miaka 4 baada ya kifo cha Samia, katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, iliundwa kwa mara ya kwanza timu ya wakimbizi. Ilikuwa na wanamichezo 10, wakiwemo wakimbiaji 5 wa Sudan Kusini waliotoka Kenya na wanajudo wawili wa Kongo, Popole Misenga na Yolande Mabika. Mwaka 2024 mjini Paris, bondia Cindy Ngamba aliipatia timu hiyo medali yake ya kwanza. Ni hatua njema, lakini inawafikia watu wachache sana, na inawafikia wakiwa tayari ni wanamichezo waliokomaa. Mlango wa mwanzo unabaki kuwa ule wa mtaani.

Basi tuulize mlango huo wa mtaani ukoje huko Sweden. Michezo ya nchi hiyo imejengwa juu ya vilabu vya hiari vinavyomilikiwa na wanachama wenyewe, chini ya shirikisho la michezo lililoundwa mwaka 1903. Serikali hutoa ruzuku kwa kila zoezi linalosimamiwa na kiongozi kwa ajili ya watoto na vijana wa umri wa miaka 7 hadi 25, na manispaa huwapatia viwanja na kumbi. Mtoto hahitaji kuwa na kipaji ili apokelewe. Utaratibu huu ni mzuri, na Afrika Mashariki ingeweza kujifunza mengi kutokana nao. Lakini unategemea vitu viwili: wazazi wenye muda wa kujitolea kama makocha na madereva, na familia zinazoweza kulipa ada, viatu na safari za mashindano. Katika mtaa ambao mama anafanya usafi wa maofisi usiku na baba anaendesha teksi mwishoni mwa wiki, vyote viwili ni adimu. Utafiti nchini humo umeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wa maeneo yenye kipato kidogo hushiriki katika vilabu kwa kiwango cha chini kuliko wenzao, na kwamba walio nyuma zaidi ni wasichana wenye asili ya kigeni.

Kuhusu wasichana hao tuongeze neno moja. Kwa miaka mingi waliambiwa kwamba kikwazo chao ni hijabu. Mwezi Machi 2014 kandanda ya dunia iliruhusu rasmi vitambaa vya kichwani, na mwaka 2017 mpira wa kikapu ukafanya hivyo hivyo. Kikwazo cha sheria kimeondoka. Vilivyobaki ni saa za kumbi, idadi ya makocha wa kike, na fedha. Hivyo vinahitaji bajeti, wala hakuna haja ya mjadala mwingine wa utamaduni.

Sasa tuje kwenye tuzo. Katika ngoma na taarabu zetu, mchezaji au mwimbaji akikolea, watu husimama wakaenda kumtunza, na fedha zile hazimwendei yeye peke yake. Kuna wapiga ngoma pia. Kandanda ya dunia nayo ina utaratibu wa namna hiyo. Kwa kanuni za FIFA, asilimia 5 ya fedha za uhamisho hugawanywa kwa vilabu vilivyomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23: robo ya asilimia kwa kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15, na nusu ya asilimia kwa kila mwaka baada ya hapo. Tangu mwaka 2020 kanuni hiyo inahusu hata uhamisho wa ndani ya nchi moja, ikiwa mchezaji alilelewa nchi nyingine. Tukipiga hesabu kwa kitita cha paundi milioni 125, miaka ile 4 ya mwanzo pekee ni asilimia 1, yaani paundi milioni 1.25. AIK, iliyomlea Isak tangu utotoni hadi alipoondoka kwenda Borussia Dortmund mwezi Januari 2017, inastahili kila senti.

Lakini msomaji atazame vizuri umri ule. Hesabu inaanza miaka 12. Mtoto wa Rinkeby anayefundishwa kupiga mpira na klabu ndogo ya mtaani tangu akiwa na miaka 6, na kuchukuliwa na klabu kubwa akiwa na miaka 11, siku atakapouzwa kwa mamilioni klabu ile ya mtaani haitapata hata krona moja. Yule aliyefungua geti la uwanja jioni za baridi, akanunua mipira kwa fedha za mfukoni, akamsindikiza mtoto nyumbani, hayumo katika hesabu. Na katika riadha hakuna hesabu kabisa: rekodi ya Mustafa Mohamed haikumwachia kocha wake wa kwanza chochote isipokuwa heshima. Kwa mtazamo wetu hapa ndipo penye mzizi wa jambo. Tunazungumza sana juu ya mchezaji mkubwa amerudisha nini mtaani, kana kwamba ni deni lake binafsi, ilhali utaratibu wenyewe umeuacha mtaa nje ya mgawo.

Wako watakaosema kwamba tunaitwisha michezo mzigo usio wake. Mwaka 2022 watu 62 waliuawa kwa risasi nchini Sweden, wengi wao vijana katika ugomvi wa magenge, na hakuna uwanja wa nyasi bandia unaoweza kuzuia hayo peke yake. Tunakubali. Anayetafuta dawa ya uhalifu aanze na shule, kazi, na polisi wanaoaminiwa na wakazi. Pia ni kweli kwamba kumwambia kila mtoto awe Isak ni kumdanganya, kwani kwa kila mmoja anayefika wako maelfu wasiofika. Lakini klabu ya mtaani haina kazi ya kutengeneza Isak tu. Kazi yake ya kila siku ni kwamba saa 12 jioni mtoto awe mahali ambapo mtu mzima anamjua kwa jina. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Watkinson, na hata kama Farah asingeshinda mbio yoyote, kazi ile ingebaki kuwa na thamani.

Suala hili lina uharaka wake, kwani sheria nazo zinabadilika. Mwezi Januari 2025 tume iliyoundwa na serikali ya Sweden ilipendekeza muda wa kuishi nchini kabla ya kuomba uraia uongezwe kutoka miaka 5 hadi 8, pamoja na masharti mapya ya lugha, maarifa ya jamii na kipato. Kila nchi ina haki ya kuamua masharti ya uraia wake. Ila kwa mwanamichezo, ambaye ubora wake hudumu pengine miaka 10, na ambaye shirikisho la riadha la dunia tangu mwaka 2018 humtaka asubiri miaka 3 akitaka kubadili nchi anayoiwakilisha, kila mwaka unaoongezwa ni sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Taifa linalotaka rekodi za kina Mustafa na Isabellah halina budi kujiuliza kama masharti hayo yangewaacha wapite.

Kwa muhtasari, tunadhani jibu la swali letu liko hivi. Kwao mwanamichezo ni kule alikozaliwa yeye au wazazi wake, ni kule anakoitwa kwa jina anapopita barabarani, na zaidi ya yote ni kule ambako mtu fulani alimfungulia geti wakati bado hajulikani. Kama ni hivyo, basi FIFA ina jambo dogo la kufanya, nalo ni kushusha umri wa kuanza hesabu ya mgawo, ili miaka ya utoto nayo ihesabiwe. Manispaa ya Stockholm ina jambo la kufanya, nalo ni kuhakikisha kumbi za Rinkeby, Tensta na Husby ziko wazi jioni na kwamba wasichana wana saa zao. Nasi wazazi wa Afrika Mashariki tulioko ughaibuni tuna letu: tuingie katika kamati za vilabu hivyo, tulipe ada pale tunapoweza, na tusimwachie kocha mmoja watoto thelathini.

Siku ya mwisho ya dirisha la usajili itakuja tena, na pengine safari hiyo jina litakuwa la kijana wa Rinkeby hasa. Magazeti yatauliza amenunuliwa kwa kiasi gani. Tungependa wakazi wa kitongoji hicho wawe na swali lao la kuuliza siku hiyo: katika fedha zile, ni kiasi gani kimefika kwenye uwanja alikoanzia?